Gramu Mia Tatu Sabini

Kwa miaka ishirini na miwili, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, hospitali yetu ilishusha pumzi. Mjomba alifungua vali ya chini ya boila kutoa tope, na mvuke ulitoka kwa kishindo kirefu, shiiiii, ukapita juu ya paa la wodi ya wazazi, ukavuka ukuta, ukaingia kwenye nyumba za wafanyakazi kupitia madirisha. Mama yangu hakuwahi kununua saa ya mezani. Alikuwa na kaka. Akisikia mvuke husema, "Kaka keshaamka," na kutia miguu kwenye ndara.

Jumatatu moja ya mwezi wa saba sauti haikuja. Mama alichelewa kazini. Walichelewa pia wapishi, wafagiaji na nusu ya wauguzi wa zamu ya asubuhi. Watu walikutana langoni wakiwa na nyuso zilizovimba kwa usingizi, kila mmoja akimtazama mwenzake kana kwamba ndiye aliyeficha kitu. Kufika saa mbili kila mtu alikuwa ameshajua. Tangazo lilikuwa ubaoni, nje ya ofisi ya katibu wa hospitali, limepigwa muhuri mara mbili ili lisionekane la mzaha: mtunza boila amesimamishwa kazi kwa upotevu wa nishati.

Upotevu wa nishati. Hawakuwa na ujasiri wa kuandika wizi. Waliacha watu wamalizie wenyewe, na watu walimalizia.

Jina lake kazini lilikuwa Mvuke. Alikuja hospitalini akiwa kijana wa miaka ishirini na saba, akakabidhiwa boila iliyokuwa nzee kuliko yeye, na wakazeeka pamoja. Mkono wake wa kulia haukuwa na unywele hata mmoja kuanzia kiwiko kushuka chini; mlango wa tanuri ulikuwa umeunyoa kwa joto miaka yote hiyo. Alizungumza kwa kupaza sauti kwa sababu alizoea kushindana na kelele, na kwetu tulikuwa tukisema kwamba ukitaka siri yako itangazwe hadi barabarani, mnong'oneze Mjomba akujibu. Hakuamini geji, kile kipima presha cha boila, kabla ya kuigonga kwa ukucha mara mbili. "Na yenyewe ina usingizi," alisema. "Iamshe kwanza, ndiyo uiulize."

Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mshale wa geji unasimama kwenye saba. Ukisimama kwenye saba, nguo zinafuliwa, jiko linapika, na vile visu na mikasi ya chumba cha upasuaji vinachemka hadi vinakuwa safi kweli. Ukishuka kwenye nne, daktari anasimama na mikono iliyooshwa, hana cha kushika, na mgonjwa amelala mbele yake. Mjomba alilijua hilo kuliko katibu aliyebandika tangazo. Shemeji yake, dada wa mke wake, aliwahi kulala kwenye meza ile ya upasuaji.

Zamani boila ilikula kuni. Mwaka ule hospitali ikahamia kwenye matofali ya mkaa, yaani vumbi la mkaa lililochanganywa na udongo kidogo wa kulishikilia, likabanwa kwa mashine hadi likawa na umbo la tofali dogo la kujengea. Wazo lenyewe halikuwa baya, na Mjomba hakulipinga. Alichokipinga ni lile lori la kwanza. Lilifika likidondosha maji kutoka bodi ya nyuma, likaacha mchirizi mweusi kuanzia langoni hadi kwenye mizani.

"Kaka, hili lori linakojoa," alimwambia mtunza stoo.

Mtunza stoo alikuwa rafiki yake. Walikunywa chai pamoja saa nne kila siku kwa miaka kumi na sita, kikombe kimoja kikiwa na mpini na kingine hakina, na walipokezana kile chenye mpini.

"Wanamwagia maji kuzuia vumbi," alisema mtunza stoo. "Au unataka wagonjwa wakohoe?"

"Wagonjwa hawalali kwenye lori."

"Mzee Mvuke, usianze. Karatasi ya maabara ninayo. Inasema ishirini na nne."

"Ishirini na nne nini?"

"Megajuli. Kila kilo. Ndiyo joto lake hilo."

"Na hizo megajuli zinajua kuogelea?"

Wakacheka wote wawili, lori likapimwa, likapita. Mjomba alikuja kukijutia kicheko kile. Alisema laiti angenuna.

Kuanzia siku ile boila ilibadilika tabia. Tofali likitupwa ndani halikushika. Lilikaa linachemka pembeni, linatoa povu kwenye nyufa, kisha moshi wa kijivu, kisha ndiyo moto, tena moto wa kusuasua. Mshale ulikataa kufika saba. Mjomba akaongeza matofali. Akaongeza tena. Kila siku aliandika kwenye daftari lake la boila, kwa kalamu ya wino na mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: kilo mia tatu arobaini, geji saba. Kilo mia tatu arobaini, geji sita na nusu. Mara nne alikwenda ofisini kusema mkaa una maji. Mara nne alioneshwa karatasi.

Halafu akaja mhandisi wa kukodi, mtu wa siku mbili, na kikokotoo. Akachukua ishirini na nne ya kwenye karatasi, akachukua mvuke unaohitajika kwa siku, akagawanya. Jibu likatoka kilo mia mbili. Boila ilikuwa inakula mia tatu arobaini. Akapiga mstari chini ya mia moja arobaini, akaondoka na gari lake, na mstari ule ukabaki mezani kwa katibu ukisubiri mtu wa kuwekwa juu yake.

Katibu alimwita Mjomba siku ya Ijumaa. Ofisi ilikuwa na feni, na karatasi zilikuwa zimekandamizwa kwa mawe ili zisiruke.

"Mzee, mimi sina ugomvi na wewe," alisema katibu. "Hesabu ndiyo inauliza. Kilo mia na arobaini kila siku zinakwenda wapi?"

"Zinakwenda angani, mheshimiwa. Ni maji."

"Maji hayapo kwenye karatasi."

"Yapo kwenye lori."

"Mzee wangu." Katibu alishusha sauti, ile sauti ya kumsemesha mgonjwa. "Watu wana shida zao nyumbani, tunaelewa. Sema tu unampelekea nani, tuyamalize kimyakimya."

Mjomba alisimama. Alituambia kwamba alitaka kuipindua ile meza, na kilichomzuia ni mawe. Aliogopa moja litamwangukia katibu mguuni, waseme ameiba na kupiga. Alimtazama mtunza stoo aliyeketi pembeni na faili mapajani. Mtunza stoo alikuwa anahesabu kucha zake.

"Na wewe?" Mjomba alimuuliza. "Lori linadondosha mbele ya macho yako. Huna la kusema?"

"Mimi napima uzito tu, kaka," alisema yule mtu wa miaka kumi na sita ya chai. "Uzito ulikuwa sahihi."

Siku zilizofuata aibu ilihamia kwa mke wake. Yeye ni mfuaji pale pale hospitalini, chumba cha nguo. Kwenye bomba la maji nyuma ya nyumba za wafanyakazi, wanawake waliokuwa wakimwachia nafasi sasa walimwachia nafasi kubwa zaidi, ya kumkwepa. Mmoja akamuuliza, "Mama, leo mkaa wenu mnauzaje? Nipunguzie basi, sisi si majirani?" Wengine wakacheka. Alijaza ndoo yake mpaka juu, akaibeba nzima hadi nyumbani bila kumwaga tone, akaiweka chini, ndipo akalia. Mjomba alimkuta ameketi sakafuni kando ya ndoo. Mama yangu anasema hajawahi kumwona kaka yake na hasira kama ile, kwa sababu hakupaza sauti. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliongea chini.

"Niletee tofali moja," alimwambia mkewe. "Kutoka kwenye lori, likifika. Lifunge kwenye nailoni mara tatu, upesi, lisipigwe na upepo."

"Unataka niibe?"

"Ndiyo. Wanasema tunaiba. Tuibe basi moja."

Lilikuwa tofali la pekee lililowahi kuibwa katika hospitali ile. Mke wake alilitoa chini ya shuka za wodi ya wanaume, limefungwa kama mtoto mchanga.

Asubuhi yake Mjomba alilipeleka hadi maabara ya nishati iliyotoa ile karatasi, ghorofa ya pili ya jengo la mawe karibu na stesheni. Alimkuta mwanamke wa makamo aliyevaa koti jeupe lililoungua mkono mmoja, ambaye wote pale walimwita Dada wa Bomu. Bomu lenyewe lilikuwa kwenye benchi: chungu kinene cha chuma, kimo chake kama birika la vikombe sita. Mjomba alilizunguka kwa heshima. Chombo kinachobana moto ndani ya chuma alikijua, ingawa hiki kilikuwa kidogo kama kitoto cha boila yake.

Dada hakumfukuza. Nadhani alizoea kuletewa sampuli na madereva wasiojua hata wamebeba nini, na huyu mzee alikuwa anauliza. Akamwelekeza. Unasaga mkaa, unapima gramu moja, unaiweka ndani, unajaza oksijeni, unafunga, unalitumbukiza bomu kwenye lita mbili za maji, unawasha kwa waya wa umeme. Mkaa unaungua wote mara moja, joto lake halina pa kukimbilia ila kwenye maji. Kisha unasoma kipimajoto: maji yamepanda digrii ngapi. Katika mkaa ule wa hospitali yalipanda mbili nukta nne na ushei, na kutoka hapo unapata ishirini na nne.

"Nimeupima mara tatu," alisema Dada. "Mzee, sijakosea."

"Sijasema umekosea, binti yangu." Mjomba alikuwa anatazama sanduku la bati lenye mlango wa kioo, pembeni ya bomu, linalotoa fukuto. "Na lile la nini?"

"Tanuri la kukaushia. Sampuli ikifika inalala humo usiku mzima, digrii mia moja na tano. Ndiyo utaratibu. Mkaa ukiwa na unyevu hauwaki vizuri ndani ya bomu."

"Inalala humo kabla hujaipima."

"Kabla."

"Halafu ikishakauka ndiyo unaipima joto."

Dada wa Bomu aligeuka kulitazama tanuri.

Mjomba aliweka furushi lake juu ya benchi, akafungua nailoni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndani ya ile ya tatu matone yalikuwa yamejikusanya kama jasho. "Basi nyinyi mnapima mkaa ambao boila yangu haijawahi kuuona," alisema.

Dada akaliweka tofali kwenye mizani, akakata kipande kilichotimia kilo moja kamili, akakiingiza kwenye tanuri. Mjomba alirudi siku ya pili kabla maabara haijafunguliwa, akasubiri kwenye ngazi. Kipande kilipotolewa kilikuwa na gramu mia sita na thelathini. Mia tatu na sabini zilikuwa maji.

Dada akafanya hesabu kwa penseli nyuma ya bahasha, akimsomea. Katika kila kilo ya lori, mkaa wenyewe ni sehemu sita na kitu tu kati ya kumi. Hiyo inaishusha ishirini na nne hadi kumi na tano. Na yale maji hayatoki bure. Lazima yapashwe, yageuzwe mvuke, yatoke kwenye bomba la moshi, na joto la kufanya hivyo linatoka kwa mkaa uleule. Inabaki kumi na nne na kidogo. "Sasa gawa," alisema. Wakagawa. Kilo mia mbili za kwenye karatasi zikawa kilo mia tatu thelathini na nane za kwenye lori.

Alikuwa ameandika mia tatu arobaini kwenye daftari lake kila siku kwa miezi mitatu.

"Kwenye fomu tumeandika," Dada alisema polepole. Akamwonesha karatasi ileile, chini kabisa, herufi ndogo kama mayai ya chawa: matokeo ni kwa hali kavu. "Mimi naandika ninavyofundishwa niandike. Hakuna aliyewahi kuniuliza maana yake."

Hilo ndilo linalonikaba mpaka leo. Maabara haikudanganya. Mhandisi aligawanya sawasawa. Mizani ya mtunza stoo ilisema uzito wa kweli. Katibu aliisoma karatasi kama ilivyoandikwa. Aliyekuwa na mpira wa maji mkononi ni mwenye lori peke yake, na yeye hakuhitaji kusema uongo wowote. Watu wanne wenye vyeti walimfanyia kazi yake wakiwa wameketi. Mtu mmoja tu hakuwa na cheti. Alikuwa na daftari, na yeye ndiye waliyemwita mwizi.

Mjomba hakupeleka bahasha. Alisema karatasi wanazo za kutosha. Alimwomba Dada aje na vipimajoto viwili, na akamtumia katibu ujumbe kwamba yuko ua wa nyuma wa boila, Ijumaa saa tatu, na kwamba wakitaka polisi waje nao.

Nilikuwepo. Aliweka majiko mawili yanayofanana, sufuria mbili za jikoni, lita kumi za maji kila moja. Jiko la kushoto kilo moja ya matofali aliyokuwa ameyaomba kutoka kwa Dada, mabaki ya sampuli za hospitali, yamekaushwa. La kulia kilo moja kutoka kwenye lori, imepimwa mbele ya mtunza stoo, ambaye alilazimika kutaja uzito kwa sauti. Kila jiko kijiko kimoja cha mafuta ya taa, kisha kiberiti.

"Profesa wa sufuria!" mtu mmoja alipiga kelele kutoka dirisha la wodi.

"Njoo usome wewe basi, una macho!" Mjomba alimjibu, na sauti yake ilikuwa imerudi.

La kushoto lilishika. La kulia lilitoa sauti ya kukaanga, likatoa povu, likamwaga moshi ambao upepo uliupeleka moja kwa moja kwa katibu. Katibu akatoa leso. Mjomba hakumwambia asogee. Wafuaji walitoka na mikono yenye sabuni, mke wake mbele yao. Baada ya muda sufuria ya kushoto ilianza kutokota hadi mfuniko ukacheza. Dada wa Bomu akasoma kipimajoto cha kulia kwa sauti: hamsini na nne. Hamsini na tisa. Sitini na mbili. Sitini na mbili. Sitini na moja. Maji yalikuwa yameanza kupoa na jiko lilikuwa jivu.

"Chovya kidole," Mjomba alimwambia mtunza stoo.

"Kaka..."

"Chovya. Wewe si unapima uzito tu? Leo pima joto."

Mtunza stoo alichovya kidole kwenye sufuria ya kulia. Akakitoa, akakifuta kwenye suruali, hakumtazama mtu.

Katibu alikohoa, akakunja leso. "Vizuri sana, mzee. Tumekuelewa. Kwa kweli umetusaidia. Jumatatu rudi kazini, mambo yaishe."

"Tangazo limekaa ubaoni siku kumi na tisa," alisema Mjomba. "Andika lingine. Sema sikuiba. Piga muhuri mara mbili kama lile, nalo likae siku kumi na tisa."

"Tutalitoa lile. Leo hii."

"Sijasema mlitoe. Nimesema andika."

"Mzee, utaratibu hauruhusu. Tangazo lilikwenda na barua ya onyo, na barua ikishaingia kwenye faili imeingia. Na tangazo la namna hiyo litaonekana kama hospitali ilikosea."

Mfuniko ulikuwa bado unacheza kwenye sufuria ya kushoto.

Mjomba aliingia chumba cha boila. Tulimsikia akigonga geji, mara moja, mara mbili. Alitoka na funguo, zile alizozivaa kiunoni miaka ishirini na miwili na ambazo hawakukumbuka kumnyang'anya, akazitia kwenye sufuria ya kulia, ile ya maji ya uvuguvugu. "Hayaunguzi," alimwambia katibu. "Unaweza kuzitoa kwa mkono." Akamshika mkewe mkono wenye sabuni, wakapita langoni.

Lori bado linakuja likidondosha. Nilidhani wangemfukuza mwenye lori, au angalau wangeanika mzigo wake. Walibadilisha hesabu. Mhandisi aliitwa tena, akagawanya upya, na sasa hospitali inaruhusu kilo mia tatu arobaini kwa siku, kihalali, kwa barua. Barua ya onyo iko kwenye faili. Mtunza stoo anakunywa chai saa nne peke yake. Nimemwona, anatumia kikombe kisicho na mpini. Mama yangu amenunua saa ya mezani.

Mjomba yuko kiwanda cha sabuni ng'ambo ya reli, boila namba mbili, zamu ya asubuhi. Mkaa wake unaanikwa siku tatu kabla haujapimwa.